Mazungumzo ya Waandishi na Wafanya Biashara ya Vitabu: Yatuhusu Nini Sisi wa Swima?

Waseminari waliokuja kwetu likizo walituuliza juu ya habari waliyosoma katika gazeti moja la Nairobi. Habari ilisema kwamba waandishi, wachapishaji na wenye maduka ya vitabu wamekutana siku kadhaa katika jumba moja kubwa, wakazungumza tangu asubuhi hata jioni. «Padri, wanazungumza nini siku zote hizo? Na vitabu wanauza saa ngapi?» Ulizo hilo ni zuri, nasi tumeona yafaa kulijibu kwa urefu. Maana wengi wetu tunadhani kitabu kinazaliwa katika kichwa cha mwandishi, kisha kinafika mkononi mwa msomaji bila kupita popote. Sivyo. Katikati kuna njia ndefu na mbaya kushinda ile ya Uvira mpaka Baraka wakati wa mvua, na mikutano hiyo ndipo watu wanapopatana namna ya kuipita. Asiyekuwapo hapo, wengine wanapatana bila yeye.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Wenzetu wa Kenya na Tanzania husema «maonyesho ya vitabu». Sisi, kwa kufuata Kifaransa, tungesema soko kubwa la vitabu, na neno soko ndilo la kweli zaidi. La sifa kushinda yote ni lile la Frankfurt katika Ujerumani. Mji huo si mbali na Mainz, ambako Gutenberg alipiga chapa Biblia yake ya Kilatini katika miaka ya 1450, na mafundi wa chapa wa zamani walikuwa wakipeleka vitabu vyao Frankfurt, katika soko lile lile walimokuja wafanya biashara wengine na mali yao. Soko la siku hizi lilianzishwa upya mwaka 1949, baada ya vita, nalo hufanyika kila mwaka mwezi wa Oktoba. Mwaka 1980 neno kuu la soko lilikuwa Afrika Nyeusi. (Mwaka huo huo tuzo ya amani inayotolewa pale alipewa padri, Ernesto Cardenal wa Nikaragwa. Kabla yake, mwaka 1968, alipewa Rais Senghor wa Senegal, naye aliwahi kusoma seminari.)

Soko lisilouza vitabu

Mtu akifika Frankfurt siku za kwanza na feza mfukoni akitaka kununua kitabu kimoja, atashangaa. Siku hizo ni za wenye kazi, nao hawauzi vitabu kimoja kimoja. Wanauza haki. Tufafanue neno hili, maana makatekista wanaopiga fotokopi hawalipendi.

Andiko ni mali ya aliyeliandika. Yeye hupatana na mchapishaji, yaani yule anayetoa feza yake ili andiko liwe kitabu. Mchapishaji si lazima awe na mtambo wa chapa. Kazi ya mtambo anaweza kuipeleka kwa fundi mwingine, hata nchi nyingine. Anachokuwa nacho ni ruhusa: kupiga chapa kitabu hiki, katika lugha hii, kwa nchi hizi, kwa miaka kadhaa. Ruhusa hiyo yaweza kukatwa vipande kama kitenge. Mmoja ananunua haki ya kukitafsiri kwa Kifaransa, mwingine haki ya kukiuza Afrika ya Mashariki tu, mwingine haki ya kukisoma katika redio. Basi wanaketi kwenye meza ndogo, nusu saa kila mtu, na daftari mkononi, wanapatana. Mara nyingi kitabu kinachopatanwa hapo bado hakijakwisha kuandikwa.

Katika Afrika masoko ya namna hii ni machanga. La Harare, Zimbabwe, lilianza mwaka 1983. La Nairobi lilianza mwaka 1998, na wenye kulitengeneza ni chama cha wachapishaji wa Kenya. Kwa miaka mingi limefanyika Sarit Centre, katika mtaa wa Westlands, na kwa desturi katika mwezi wa Septemba. Kule Nairobi watu wanauza vitabu kweli, na watoto wa masomo wanakuja na walimu wao. Kinshasa nako kuna sikukuu ya vitabu, lakini kutoka Swima mpaka Kinshasa ni mbali kushinda Nairobi, na lugha inayosemwa pale mezani ni Kifaransa.

Sasa tuje kwenye mazungumzo yenyewe. Yako ya namna mbili, na tusiyachanganye.

Namna ya kwanza ni mazungumzo ya mwandishi. Mwandishi anaketi mbele ya watu, na kando yake mtu wa kumwuliza. Anasoma kurasa chache za kitabu chake. Kisha wasikilizaji wanainua mikono: Ulianza kuandika lini? Huyu mwanamke wa hadithi, ni mama yako? Kwa nini ulimwua yule kijana? Mwishoni watu wanapanga mstari, kila mmoja na kitabu alichonunua, mwandishi anatia jina lake ndani. Wengine wanadharau wakisema hiyo ni biashara tu. Ndiyo, ni biashara, nasi hatuoni ubaya wake. Mwenye kuvua ndagala naye anasifu ndagala zake sokoni. Tena kuna faida nyingine. Mwandishi aliyekaa miaka mitatu peke yake na karatasi anasikia kwa mara ya kwanza mahali watu wanapocheka na mahali wanapolala. Sisi wahubiri tunajua hasara ya kukosa jambo hilo, maana katika kanisa hakuna anayeinua mkono kusema: Padri, hapo umetupoteza.

Watu hupenda mazungumzo ya mwandishi, na magazeti huyaandika. Lakini si hapo panapoamuliwa kama kitabu kitasomwa. Tutoe mfano. Ken Walibora wa Kenya, aliyefariki Aprili 2020, aliandika Siku Njema, kilichotoka mwaka 1996. Alikuwa mtangazaji, sauti yake ilijulikana na wengi, na kuzungumza alijua. Lakini vijana wengi sana wa Kenya hawakukisoma kwa sababu walimsikia akizungumza. Walikisoma kwa sababu kiliwekwa kati ya vitabu vya lazima vya masomo ya sekondari. Watu wachache waliketi, wakachagua, na kitabu kikaingia kila mahali, hata vijijini ambako hakuna duka la vitabu.

Chumba kisicho na watu wengi

Namna ya pili ni meza ya wenye kazi. Watu wanne au watano wanaketi pamoja: mchapishaji, mwenye duka, fundi wa chapa, mtunza maktaba, pengine mtu wa wizara ya elimu. Mmoja anaongoza na kuangalia saa, maana kila mmoja amepewa dakika 10 naye anataka 30. Chumba hiki hakijai. Hakuna hadithi, hakuna kicheko, ni hesabu tu. Nasi twasema wazi kwamba mtu wa kijijini angeweza kuingia chumba kimoja tu, heri aingie hiki.

Wanahesabu nini? Tuseme kitabu kidogo cha kurasa 100. Kupanga maneno, kusahihisha na kuchora jalada kunataka dolari 2000. Karatasi, wino na kazi ya mtambo ni dolari 1 kwa kila kitabu. Ukipiga chapa vitabu 500, zile dolari 2000 zinagawanyika kwa 500, kila kitabu kinabeba 4, na pamoja na ile 1 ni dolari 5. Ukipiga chapa vitabu 5000, kila kitabu kinabeba senti 40 tu, na pamoja na ile dolari 1 ni dolari 1 na senti 40. Kitabu ni kile kile, karatasi ni ile ile. Kinachoshusha bei ni hesabu ya wasomaji.

Kisha kuna sehemu za wengine. Mwandishi kwa kawaida anapata karibu 10 katika kila 100 ya bei. Mwenye duka naye anataka 30, 35, hata 40 katika 100, maana yeye analipa nyumba, analipa mlinzi, na vitabu vingine vinaliwa na mchwa kabla ya kuuzwa. Tukiweka 35 ya duka na 10 ya mwandishi, mchapishaji anabaki na 55 katika 100. Basi kitabu kilichomtoka dolari 5 lazima auze karibu dolari 10. Kilichomtoka dolari 1 na senti 40 anaweza kuuza dolari 3, tena akapata faida kidogo. Dolari 10 na dolari 3! Katekista wa kwetu anajua maana ya dolari 7 hizo: ni karo ya mtoto, au ni dawa.

Serikali nayo iko katika hesabu. Mwaka 2013 sheria mpya ya Kenya iliweka kodi ya 16 katika 100 juu ya vitabu, ambavyo kabla ya hapo havikutozwa. Wachapishaji walilia sana juu ya jambo hilo katika mikutano yao. Tena tangu mwaka 2018 serikali ya Kenya ilianza kununua vitabu vya masomo yenyewe, kitabu kimoja kwa kila somo, na kuvipeleka moja kwa moja katika masomo. Wazazi walifurahi. Wenye maduka walipoteza wanunuzi wao wakubwa, na wengine walifunga. Ni nani mwenye haki hapo? Sisi hatutaki kuhukumu kwa haraka. Mtoto aliyekosa kitabu akakipata, ni jambo kubwa. Lakini duka la vitabu la mji mdogo likifungwa, hata riwaya, hata kamusi na kitabu cha sala havina tena mahali pa kukaa, maana ni vitabu vya masomo vilivyokuwa vinalipa nyumba.

Maulizo kama haya ndiyo wanayoyafungua na kuyafunga mezani. Mara nyingine hawayamalizi, wanaagana tu mpaka mwaka ujao. Tusiwacheke, mikutano yetu ya dekania je?

Ni nani aliyeitwa? Makerere, 1962

Ulizo la kwanza juu ya kila mkutano si lile la maneno yaliyosemwa. Ni hili: nani aliitwa, na nani alilipa feza ya chumba? Mkutano mmoja uliofanyika karibu nasi unatufundisha jambo hili kushinda mingine yote.

Mwezi wa Juni 1962 waandishi Waafrika walikusanyika katika chuo kikuu cha Makerere, Kampala. Walikuwapo Chinua Achebe na Wole Soyinka wa Nijeria, Ezekiel Mphahlele wa Afrika ya Kusini, Grace Ogot wa Kenya, na wengine wengi. Langston Hughes, mshairi Mwamerika mweusi, alisafiri hata huko. Kulikuwa pia kijana mwanafunzi wa Makerere, wakati ule akiitwa James Ngugi. Alikuwa na hadithi fupi zilizokwisha kutolewa, na chini ya kwapa andiko la riwaya. Alimpa Achebe alisome. Andiko likafika kwa nyumba ya vitabu ya Heinemann, likatoka mwaka 1964 kwa jina la Weep Not, Child. Kijana huyo ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025 akiwa mzee wa sifa katika dunia nzima. Tazameni basi faida ya mkutano: andiko lililokuwa mkononi mwa mwanafunzi lilipata njia, kwa sababu mwandishi, msomaji na mchapishaji walikuwa chini ya paa moja.

Lakini mkutano huo uliitwa wa waandishi wa lugha ya Kiingereza. Shaaban Robert, mwenye Kusadikika na Adili na Nduguze, alikuwa hai siku zile, katika Tanganyika, nchi jirani. Hakuwa na nafasi pale, kwa sababu aliandika Kiswahili. Alifariki mwezi huo huo wa Juni 1962. Ngũgĩ mwenyewe alirudi juu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha: yeye, mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache, alistahili kuitwa, na mzee yule mwenye vitabu vingi hakustahili. Tayari mwaka 1963 Obi Wali wa Nijeria alikuwa ameandika katika Transition, gazeti la Kampala, kwamba njia ile ya lugha za Ulaya ilikuwa haina mwisho mwema. Wakubwa walimjibu kwa ukali.

Na feza ya chumba? Walioutengeneza mkutano walisaidiwa na chama kimoja cha Paris kilichojiita cha uhuru wa utamaduni. Miaka 1966 na 1967 ilijulikana wazi kwamba feza ya chama hicho ilitoka kwa siri katika idara ya upelelezi ya Marekani. Hatusemi kwamba Achebe au Soyinka walinunuliwa. Hawakujua, na vitabu vyao vinajitetea vyenyewe. Twasema tu kwamba mwenye kulipa viti ndiye mara nyingi anayeandika majina ya wenye kuketi.

Haikuendelea hivyo siku zote. Mwaka 1998, katika soko la Harare, Profesa Ali Mazrui, mtu wa Mombasa, alitoa wazo kwamba vichaguliwe vitabu 100 bora vya Afrika vya karne ya 20. Wazo la mezani likawa kazi ya kweli. Hesabu ilitangazwa mwaka 2002. Na ndani yake kimo kitabu cha Shaaban Robert, Utenzi wa Vita vya Uhuru, kilichotolewa mwaka 1967 baada ya kifo chake. Miaka 40 baada ya Makerere, aliyebaki nje aliingizwa. Ilihitaji mtu wa pwani awemo chumbani aseme.

Mfano mwingine ni wa juzi. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, lugha ya kwao Kiswahili, lakini huandika Kiingereza. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994. Inasimulia msafara wa biashara unaotoka pwani na kuingia bara, safari ambayo wazee wa kando ya ziwa letu waliijua kwa uchungu. Mwaka 2021 Gurnah alipewa tuzo ya Nobel. Mwaka 2022 ndipo Paradise ilipopatikana kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, mtafsiri Ida Hadjivayanis, mchapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Miaka 28! Watu wanaosimuliwa walingoja miaka 28 kuisoma hadithi yao katika lugha yao. Si kosa la mtafsiri wala la mchapishaji yule. Kinyume, wanastahili shukrani. Lakini katika meza zile ndogo tulizozitaja, miaka yote hiyo, hakuna aliyeona kwamba wasomaji wa Kiswahili ni watu wa kuhesabiwa.

Sisi wa upande huu wa ziwa

Kwetu Kongo habari hii ilianza zamani kushinda Makerere, tena ilianza katika seminari. Stefano Kaoze, mtu wa Marungu, kusini yetu kando ya ziwa hili hili, alikuwa angali mwanafunzi wa seminari maandiko yake juu ya fikira za Wabantu yalipotolewa katika gazeti la Ubelgiji, miaka 1910 na 1911. Alipata upadri mwaka 1917, wa kwanza wa Kongo ya nyakati zetu. Wenye elimu wanamtaja kuwa Mkongomani wa kwanza aliyetoa andiko la namna hiyo kwa Kifaransa. Sasa waseminari wafikiri kidogo: watu wa Marungu waliosimuliwa na Kaoze, ni wangapi waliweza kulisoma gazeti lile? Msomaji aliyekuwa katika akili ya mchapishaji alikuwa Brussels.

Na lugha yetu yenyewe? Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili. Ilikuwa ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kiunguja kilichaguliwa kiwe msingi, na uchaguzi huo ulifaa. Lakini Kongo haikuwa na kiti. Ndiyo maana hata leo kitabu cha Dar es Salaam kikifika Swima, msomaji anakielewa, lakini hapa na pale anajikwaa. Sisi tukisema «masomo» tunataka kusema nyumba wanamofundishwa watoto. Wao wanataka kusema mafundisho yenyewe. Sisi tunasema «kubwa kushinda», wao «kubwa kuliko». Haya ni mambo madogo. Wengi wa watu wetu waliokimbia vita vya 1996 na kukaa Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, wamerudi wakisema Kiswahili cha Tanzania, na mama zao wanawaelewa vizuri. Kwa hiyo tusikubali lile neno tunalolisikia mara kwa mara, kwamba Wakongomani hawawezi kusoma vitabu vya Tanzania kwa sababu ya lugha. Hawavisomi kwa sababu havifiki.

Kwa nini havifiki? Rudini kwenye hesabu yetu. Mchapishaji wa Dar es Salaam au wa Nairobi anapoamua apige chapa vitabu 500 au 5000, anahesabu wanunuzi anaowajua. Anajua masomo ya nchi yake, anajua maduka yake. Fizi haimo katika daftari lake. Hana jina la mtu wa kumwandikia, hajui feza itapita wapi, anaogopa mpaka na ziwa. Mwaka 2022 Kongo yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na hotuba juu ya Kiswahili zilikuwa nyingi. Hotuba hazivuki ziwa. Kinachovuka ni sanduku lenye jina la mtu juu yake.

Juu ya mpaka, jambo moja ambalo mapadri na makatekista wanafaa kulijua. Mwaka 1950 Unesco ilitengeneza mapatano yanayoitwa ya Florence, ambayo kwayo nchi zimekubali kutotoza kodi ya forodha juu ya vitabu vinavyoingia. Kongo ni kati ya nchi zilizoyakubali. Anayevusha vitabu aseme jina la mapatano hayo kwa adabu, na awe na karatasi ya mchapishaji inayoonyesha kwamba ni vitabu, vingapi, na vya bei gani. Tusimwambie kwamba atapita bila kulipa kitu chochote. Anayeishi Fizi anajua mambo ya barabara na bandari. Lakini kujua haki yako kunafupisha mazungumzo.

Sasa tufanye nini? Hatuna feza ya kumpeleka mtu Nairobi kila mwaka akasikilize meza za wenye kazi, na tukiipata, kanisa linavuja. Lakini barua inaweza kuketi katika kiti chetu. Mchapishaji anayekwenda mezani na barua kumi za kuagiza kutoka upande wa Kongo, atazitaja, maana zinambadilishia hesabu. Barua iwe fupi na iwe na mambo haya: jina la kitabu, vitabu vingapi, nani atakayelipa na kwa njia gani, na nani atakayepokea sanduku Kigoma au Uvira. Isiwe na malalamiko juu ya umaskini wetu. Hayo wanayapata mengi. Hesabu iwe ya kweli. Kama wenye kulipa ni 35, tuandike 35. Tukiandika 200 kwa tamaa, tukanunua 35, mwaka ujao hawatatujibu.

Tena parokia moja peke yake ni ndogo mno. Bei inashuka kwa wingi, na safari ya sanduku moja ni ile ile kama ndani mna vitabu 10 au 100. Yafaa makatekista wa vituo vyote vya kando ya ziwa waandike orodha zao kwa namna moja, kitabu kimoja au viwili tu kwa mwanzo, kila mtu ametia feza kidogo kwanza ili neno lake liwe na uzito. Orodha ya Swima tumekwisha kuianza. Ya Mboko na ya Baraka twazingojea kabla ya mvua.